KUTU, ULIKAJI, UKUNGU NA KUVU: Istilahi za Uharibifu wa Vyombo Katika Hewa ya Chumvi

Mkaazi wa Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kusomeshwa habari za hewa ya chumvi. Huiona katika bawaba za mlango wake, katika nondo za dirisha, na katika nguo zilizokaa kabatini tangu masika kuanza mpaka kumalizika. Hata hivyo, kuliona jambo ni kitu kimoja, na kulitaja kwa neno linalolistahiki ni kitu kingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno machache yanayohusu uharibifu huo, na kuonyesha hasara inayoweza kutokea mfasiri anapoyachanganya.

Sababu iliyotufanya tuandike ni hii. Tuliletewa tafsiri ya mwongozo wa utunzaji wa tela la alumini la kubebea farasi ili tuikague. Ni kweli kwamba farasi katika kisiwa cha Unguja ni wachache, na kwamba kazi nyingi za kukokota hufanywa na punda na ng'ombe. Lakini tela la namna hiyo humfaa mnyama yeyote kati ya hao, na mambo yanayoliharibu ndiyo yanayoharibu boti, madirisha na masufuria ya alumini. Tafsiri yenyewe ilikuwa na sarufi safi. Kasoro zake kubwa zilikuwa mbili tu, nazo zilikuwa za istilahi. Kwanza, kila uharibifu wa metali uliitwa kutu. Pili, kuvu iliitwa ukungu. Msomaji ataona kwamba kasoro hizi mbili zinatosha kumfanya mtunzaji atende kinyume cha alivyokusudia mwandishi wa asili.

1. Kutu na ulikaji

Kutu ni zao la chuma kinapokutana na maji na oksijeni iliyomo hewani. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva au hudhurungi, na umbo lake ni la magamba. Magamba hayo hayakishiki chuma barabara. Hubanduka, chuma kipya kikajitokeza, nacho kikaliwa vilevile. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa sababu hiyo huweza kupasua zege iliyokizunguka. Watu wa Unguja wanajua uzito wa jambo hili. Jumba la Beit el-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, lina nguzo za chuma na linaelekea bahari. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba, 2020, na watu wawili wakafa. Hatusemi kwamba kutu peke yake ndiyo iliyoliangusha. Tunasema tu kwamba anayekagua jengo la aina hiyo ufukweni hana budi kuuliza hali ya chuma chake.

Alumini haina tabia hiyo. Mara inapokutana na hewa hujifanyia utando wa oksidi, mwembamba mno, wenye unene wa nanomita chache tu, nao huishika metali kwa nguvu na kuikinga. Ndiyo maana husemwa kwamba alumini haishiki kutu. Usemi huo ni wa kweli, lakini ni wa kweli kwa sababu kutu ni jina la zao la chuma, wala si kwa sababu alumini haiharibiki. Utando ule una maadui watatu. Wa kwanza ni chumvi, ambayo huutoboa mahali padogo padogo. Wa pili ni asidi na alkali zilizo kali. Wa tatu ni kugusana na metali nyingine, kama vile chuma au shaba, penye maji ya chumvi, kwani hapo alumini ndiyo iliwayo ili mwenzake asalimike. Kila mpishi aliyelaza mchuzi wa ukwaju katika sufuria la alumini ameyaona madoa na vitundu vinavyobaki asubuhi.

Alama ya uharibifu huo si wekundu bali ni unga mweupe. Hapa ndipo tafsiri tuliyoitaja ilipomponza msomaji. Aliyeambiwa "kagua sakafu kama ina kutu" atatafuta wekundu. Akiuona unga mweupe atadhani ni vumbi la chokaa au mabaki ya chumvi, ataufagia na kwenda zake, hali chini ya unga huo sakafu inazidi kuwa nyembamba. Siku itakapotoboka chini ya kwato za mnyama aliye safarini, haitakuwa na maana tena kuuliza ni neno gani lililokosewa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba jina la jumla liwe ulikaji, kutokana na kitenzi lika. Neno hili halina ugeni, kwani watu wa pwani husema kwamba kitu kimelika, au kimeliwa na chumvi. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: kila kutu ni ulikaji, lakini si kila ulikaji ni kutu. Kutokana na neno hilo twaweza kupata istilahi zifuatazo:

Ulikaji wa vitundu: ulikaji unaochimba mahali padogo na kwenda chini, huku sehemu iliyobaki ikionekana nzima.

Ulikaji wa mgusano: ulikaji wa metali moja kwa sababu ya kugusana na metali nyingine penye maji yapitishayo umeme, kama vile maji ya chumvi.

Utando kinga: utando wa oksidi unaojifanya juu ya metali na kuizuia isilike.

Maadui watatu tuliowataja wote hupatikana katika tela. Chumvi huja na upepo na mchanga wa ufukweni. Mkojo wa mnyama una urea, nayo ikikaa huzaa amonia, ambayo ni alkali. Mkeka wa mpira uliotandikwa sakafuni huuzuia mkojo huo usikauke. Bolti za chuma nazo huleta ulikaji wa mgusano. Tena yafaa kutahadharisha juu ya chokaa, ambayo baadhi ya watu huinyunyiza zizini ili kuondoa harufu. Chokaa mbichi ni alkali kali, nayo hula alumini. Onyo hili linamhusu pia anayejengea fremu ya dirisha la alumini katika ukuta wa mawe na chokaa.

2. Ukungu, kuvu na kawa

Katika mazungumzo ya kila siku neno ukungu lina maana mbili: mvuke mzito unaofunika mashamba alfajiri, na vile viumbe laini vinavyoota juu ya mkate uliolala. Hatusemi kwamba asemaye mkate umeingia ukungu amekosea. Lugha ya nyumbani ina haki yake. Lakini istilahi yenye maana mbili katika maelekezo ya kazi ni hatari. Tafsiri ile ilisema: "Zuia ukungu usiingie ndani ya tela." Mtu mwenye akili timamu akisoma hivyo atafunga madirisha na milango yote usiku. Kumbe mwandishi alikuwa akizungumzia kuvu, na dawa ya kwanza ya kuvu ni kufungua ili hewa ipite!

Kuvu haili alumini. Hula uchafu ulioshikamana nayo: manyoya, samadi, maranda na nyasi kavu. Hustawi penye unyevuanga mwingi na hewa iliyotulia, kama ilivyo ndani ya chombo kilichofungwa wakati wa masika. Spora zake zikivutwa huweza kudhuru mapafu ya mnyama, na ya binadamu pia.

Neno kuvu limekwisha kukubalika katika istilahi nyingine. Sumu itokanayo na kuvu za nafaka huitwa sumukuvu, na neno hilo lilienea sana baada ya watu kufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kama kuvu ndilo neno linalotumika penye uhai na mauti ya watu, hakuna sababu ya kulikwepa penye tela. Basi ukungu na uachiwe mvuke, na kuvu lishike viumbe hivi. Liko pia neno kawa, la madoa yanayofanywa na unyevu katika nguo. Yafaa lihifadhiwe kwa vitambaa, kamba na matandiko ya farasi.

3. Mfano wa maelekezo

Kwa kuzingatia yaliyotangulia, sehemu ile ya mwongozo yaweza kuandikwa hivi:

"Baada ya kila safari, ondoa samadi na maranda, inua mikeka, na osha sakafu kwa maji yasiyo chumvi. Acha milango na madirisha wazi mpaka tela likauke. Lisikae na unyevu zaidi ya siku moja au mbili, lisije likaota kuvu. Kagua sakafu kwa juu na kwa chini. Ukiona unga mweupe au vitundu, huo ni ulikaji: safisha mahali hapo na umwite fundi apime unene uliobaki. Tenganisha bolti za chuma na alumini kwa vikalio vya plastiki au mpira. Usinyunyize chokaa."

Maelekezo haya hayana neno gumu hata moja, nayo yanamtosha mtunzaji. Kazi ya istilahi si kuipamba lugha, bali ni kumwezesha asomaye atende lililokusudiwa na aliyeandika. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na mafundi walio karibu nao wayapime. Yeyote aliye na neno lililo bora zaidi, hasa kutoka katika ndimi za Unguja kusini na kaskazini, atuletee tulizingatie.