"Markup" na "Margin": Zote Tunaziita Faida, Ila Kuzichanganya Kulinila Mtaji

Leo hakuna mbinu ya kupiga picha wala ya kupata wafuasi. Leo ni hesabu, na ni hesabu iliyonitoa jasho mwenyewe.

Mimi niko hapa Tukuyu, nauza mchele wa Kyela kwa status ya WhatsApp na Instagram. Mteja wa Dar akishalipa, mzigo napandisha kwenye basi linalotoka Kyela. Mfuko wa kilo 5 ulikuwa unanigharimu hivi: mchele 10,000 (kilo 2,000), mfuko na lebo 500, usafiri 1,500. Jumla 12,000. Nauza 18,000, napata 6,000 juu.

Mtu akiniuliza faida yangu asilimia ngapi, najibu bila kupepesa macho: hamsini. Si 6,000 ni nusu ya 12,000?

Basi akatokea dada mmoja mwenye duka Dar. Akaniambia, "Niletee mifuko 40 nikuuzie hapa dukani, mimi nichukue asilimia 35 ya mauzo." Nikapiga hesabu ya kichwa. Nina 50, nikimpa 35 nabaki na 15. Ndogo, lakini mifuko 40 kwa mpigo si haba. Nikakubali siku hiyo hiyo, tena kwa furaha.

Mzigo ukaisha wote. Dada hakuwa mwizi hata kidogo, alituma hela yote kama tulivyokubaliana: 468,000. Nikaenda kununua mzigo mwingine wa mifuko 40, na mifuko 40 inataka 480,000. Hela haitoshi! Nimeuza mifuko 40 na sina uwezo wa kurudisha mifuko 40. Usiku ule nilihesabu mara nne nikidhani kuna muamala sijauona.

Mdogo wangu anayesoma uhasibu ndiye aliyeniumbua. Akaniuliza, "Dada, hiyo hamsini yako ni markup au margin?" Nikamwambia ni faida. Akacheka. Kumbe tatizo langu lilikuwa hapo hapo. Kwa Kiswahili chetu cha sokoni zote mbili tunaziita asilimia ya faida, na ukizitamka haraka moja inasikika kama makapu na nyingine kama majini, kwa hiyo hakuna anayejisumbua kuzitofautisha.

Hela ya juu ni ile ile, 6,000. Tofauti ni unaigawa kwa nini. Markup unaigawa kwa gharama: 6,000 gawanya kwa 12,000, unapata asilimia 50. Margin unaigawa kwa bei ya kuuzia: 6,000 gawanya kwa 18,000, unapata 33.3. Kwa hiyo markup inatazama nyuma, ulikotumia hela, na margin inatazama bei anayolipa mteja.

Sasa rudi kwa dada wa Dar. Asilimia 35 yake ilikuwa ya mauzo, yaani ya 18,000. Hiyo ni 6,300. Mimi kwa kila mfuko nilikuwa na 6,000 tu. Nilimpa faida yangu yote na kumwongezea 300 ya mtaji. Mara 40, ndio ile 12,000 iliyopungua. Nilikuwa natoa 35 kwenye 50 kama vile ni vitu vya aina moja, kumbe moja ni ya gharama na nyingine ni ya mauzo.

Kwa kawaida kamisheni na punguzo vyote vinahesabiwa kwenye bei ya kuuzia. Kwa hiyo kabla ya kukubali yoyote, angalia margin, usiangalie markup. Hapa ndipo ofa za sikukuu zinapotumaliza. Ukitangaza "punguzo asilimia 20" kwenye mfuko wangu wa 18,000, umetoa 3,600. Kwenye faida ya 6,000 unabaki na 2,400. Mteja anaona amepunguziwa kidogo, wewe umegawa zaidi ya nusu ya jasho lako, na hapo hujatoa makato ya kutolea hela.

Wengi wetu tunaongeza robo, nusu, au mara mbili ya gharama. Ukiongeza asilimia 25, margin yako ni 20. Ukiongeza 50 ni 33.3. Ukiongeza 100, yaani umenunua 10,000 ukauza 20,000, ni 50 tu. Markup inaweza kuvuka hata 200, ila margin haifiki 100 labda mzigo uwe umepewa bure. Akija mtu wa semina akakwambia margin yake ni 120, mwachie kiti chake.

Ukitaka bei inayobeba kamisheni na bado ubaki na chako, jumlisha asilimia zote zinazotoka kwenye bei. Mimi nilitaka 15 yangu, dada 35 yake, jumla 50. Iliyobaki kufika 100 ni 50, yaani 0.5. Gharama 12,000 gawanya kwa 0.5, bei ni 24,000. Hakiki: dada 8,400, mimi 3,600, gharama 12,000. Imekaa.

Shida ni kwamba mfuko wa kilo 5 kwa 24,000 hautoki, dada mwenyewe alinicheka. Tukaachana na asilimia. Sasa namuuzia kwa bei ya jumla, 14,500 kila mfuko, hela taslimu kabla basi halijaondoka, na yeye aongeze anachotaka. Kwangu inabaki 2,500, na mzigo wa tatu nilinunua mifuko 45.