Kwenda saa nane, kurudi saa saba!

UNATAKA kukwea pipa kutoka Heathrow, London, hadi JFK, New York? Basi tiketi isikuzuge, mshikaji!

Inasema unaondoka saa tano asubuhi, unafika saa nane mchana. Saa tatu tu? Wapi! Utakaa kitini saa nane nzima. Kwa kawaida New York iko nyuma ya London kwa saa tano, na tiketi inaandika saa za kila mji.

Cheki sasa kurudi. Umbali ni uleule, kilometa 5,540 hivi, lakini unatumia kama saa saba. Mchawi ni upepo. Huko juu, kilometa kama kumi kutoka ardhini, upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda New York mnapambana nao, kurudi unawasukuma mgongoni. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitua Heathrow baada ya saa 4 na dakika 56 tu!

Kiboko ilikuwa Concorde. Yenyewe saa tatu na nusu hivi. Ukiondoka London saa nne na nusu asubuhi, unatua New York saa tatu asubuhi, siku hiyohiyo! Ilistaafishwa 2003.

Kwa hiyo ukiunganisha ndege, au mjomba akija kukupokea, hesabu vizuri. Na saa tatu usiku ya New York usimpigie bi mkubwa Dar. Kwake ni alfajiri, muache alale!