Tiketi ya Meli: Dirishani au kwa Wakala?

Jumamosi tarehe 24 Novemba, 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar iliondoka upande wa Ggaba, pembezoni mwa jiji la Kampala, ikiwa imejaa watu waliokwenda kujifurahisha katika Ziwa Victoria. Haikufika mbali. Karibu na ufuko wa Mutima, wilayani Mukono, ilipinduka na kuzama, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, akiwamo mwenye boti na mkewe. Askari wa majini wa polisi na wa jeshi la Uganda, wakisaidiwa na wavuvi, walikesha wakiokoa waliokuwa hai, na siku zilizofuata wakaendelea kuopoa maiti.

Polisi wa Uganda walieleza kwamba boti hiyo haikuwa na leseni na ilikuwa imepakia kupita kiasi. Lakini lipo jambo la pili ambalo halikusemwa sana. Idadi ya waliokuwamo haikujulikana kwa hakika. Taarifa za mwanzo zilitaja zaidi ya watu 90, nyingine zikasema walipita 100. Waokoaji walikuwa wakitafuta majini hesabu ambayo hakuna aliyekuwa ameiandika nchi kavu.

Tumeanza na msiba huo kwa sababu swali tutakalolizungumza leo huonekana dogo mno: mtu anayetaka kusafiri kwa meli, ama kwa matembezi ama kwenda kwao likizo, anunue tiketi kwa wenye meli wenyewe, au apitie kwa wakala? Wengi hulijibu swali hilo kwa kupapasa mfuko tu. Wanauliza wapi ni rahisi. Sisi tutaanza hapo hapo penye bei, kisha tusogee mbele.

Wakala halali kwa kawaida halipwi na abiria. Analipwa na wenye meli kwa kukatiwa fungu katika kila nauli anayoiuza, na fungu hilo ndilo liitwalo kamisheni. Katika biashara ya meli kubwa za starehe zinazozunguka bahari za Ulaya na Marekani, kamisheni hiyo huanzia kama asilimia 10 ya nauli na kuendelea. Ushuru wa bandari na ada nyinginezo kwa kawaida haziingizwi katika hesabu. Kwa hiyo anayedhani kwamba akimkwepa wakala ataipata kamisheni ile mfukoni mwake, mara nyingi anajidanganya. Kampuni hutoza bei ile ile dirishani na kwa wakala, maana ikimpunguzia anayekuja moja kwa moja, mawakala wake wote wataipa kisogo.

Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 1999 kampuni moja ya Marekani, Renaissance Cruises, iliamua kuwaweka kando mawakala na kuuza safari zake yenyewe kwa abiria. Mawakala wakaacha kuitaja mbele ya wateja wao, vyumba vikabaki vitupu, na kampuni ikalazimika kurudi kuwabembeleza. Septemba 2001, majuma machache tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington kuitia hofu biashara yote ya safari, ilifilisika.

Basi ikiwa bei ni moja, faida iko wapi? Anayenunua dirishani anapata habari kutoka kwenye chemchemi yake. Meli ikiahirishwa, au akitaka kubadili siku, anazungumza na yule yule aliyepokea fedha zake. Aliyepitia kwa wakala huambiwa arudi kwa wakala, na kama wakala amefunga duka kwa sikukuu, hiyo ni shida yake. Kwa upande mwingine, wakala mzuri anajua mambo ambayo karani wa dirishani hana nafasi ya kuyaeleza: chumba kipi kiko juu ya mitambo na hakilaliki, treni ipi inawahi meli ipi, nchi gani inadai visa na ipi inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kikundi cha askari wastaafu thelathini au arubaini wanaotaka kutembea pamoja watajisumbua bure wakienda kupanga foleni mmoja mmoja.

Hapo sasa tunafika kwenye kiini cha mazungumzo haya, nacho ni sheria. Katika sheria za mikataba za Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo zina asili moja, wakala ni mkono wa aliyemtuma. Akiuza tiketi kwa idhini ya kampuni, mkataba unafungwa kati ya abiria na kampuni. Na fedha alizopokea kwa idhini hiyo ni kana kwamba zimepokelewa na kampuni yenyewe. Wakala akitoroka nazo, huo ni ugomvi wake na kampuni. Lakini mtu asiyetumwa na yeyote hawezi kuifunga kampuni kwa ahadi yake. Uliyempa fedha ni yeye peke yake, na kesho hutamwona. Kwa hiyo dirisha na wakala si mahasimu, kwani vyote viwili ni milango ya nyumba moja. Mlango wa hatari ni ule wa tatu ambao hauna nyumba nyuma yake.

Mlango huo wa tatu mnaufahamu ninyi askari kuliko sisi watangazaji. Ni kijana anayekukimbilia getini kabla hujashusha mzigo, mwenye tiketi mkononi na maneno matamu kinywani. Mwingine ni mpiga debe wa kawaida anayetafuta chai. Mwingine ni mlanguzi hasa: amenunua tiketi nyingi kwa majina ya watu mbalimbali, akangoja siku za sikukuu dirisha lifungwe, kisha anaziuza kwa bei anayoitaka. Abiria aliyechoka, mwenye watoto, atalipa. Na tuseme kweli, hata askari mwenye waranti ya safari mfukoni amepata kulipa fedha taslimu getini ili asikose meli.

Mwandishi wa maneno haya hawezi kujitoa katika kundi hilo. Miaka kadhaa iliyopita, katika bandari moja ambayo hapana haja ya kuitaja, nilinunua tiketi kwa njia hiyo. Nilipoketi ndani ya meli nikaisoma, nikakuta imeandikwa jina la mwanamke nisiyemjua. Nilicheka, nikawaonyesha jirani zangu, nao wakacheka. Mlangoni hakuna aliyeuliza. Ni baada ya kufika salama ndipo niliponza kufikiri: kama meli ile ingezama, mama yule, ambaye huenda siku hiyo alikuwa nyumbani akipika, angeandikwa miongoni mwa waliopotea, na ndugu zangu mimi wangeambiwa kwamba jina langu halimo.

Yaliyompata mama yangu katika fikra zangu yaliwapata wengi kwa kweli. Tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa na orodha ya abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, ambamo wanyonge walio wengi walisafiri, halikuwa na orodha. Hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, mamia kadhaa, na kila anayeitaja ana hesabu yake. Miaka kumi na mitano baadaye, tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kuchukua abiria 600 na ushei. Tume iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipomaliza kazi yake ilikuta waliopanda walikuwa zaidi ya 2,000. Tarehe 3 Oktoba, 2024, katika Ziwa Kivu nchini Kongo, boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ndogo ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri. Nako pia idadi za waliokuwamo zilizotolewa hazikulingana. Wale hawakuwa watalii. Vita vilikuwa vimewafungia barabara.

Kwa vyombo vya ulinzi na usalama, jina katika kitabu cha meli lina maana nyingine pia. Miongoni mwa waliokufa katika MV Bukoba alikuwamo mtu aliyejulikana kwa wenzake kama Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa makamanda wakuu wa al-Qaeda katika Afrika Mashariki. Hakusafiri kwa jina hilo. Wenzake walipopata habari walituma watu ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa, maana wao nao hawakuwa na orodha ya kuitegemea. Mambo haya yalikuja kujulikana kwa mapana katika kesi zilizosikilizwa New York baada ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa tarehe 7 Agosti, 1998. Mtu wa namna ile alipita gatini kama abiria mwingine yeyote.

Jirani zetu wa Kenya wamelishika jambo hili kwa upande wa reli. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza kwenda kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, tiketi huandikwa jina na namba ya kitambulisho cha msafiri, naye hudaiwa kukionyesha stesheni kabla ya kupanda. Mlanguzi anaweza bado kuhangaika, lakini tiketi yenye jina la mtu mwingine inamfia mkononi. Hapo haijalishi kama ilinunuliwa dirishani, kwa wakala au kwa simu.

Kwa msafiri, basi, uchunguzi si mrefu. Wakala wa kweli ana ofisi unayoweza kuirudia kesho, na ukipiga simu kwa wenye meli watakubali kwamba wanamjua. Akiongeza ada ya huduma, ataiandika kwenye stakabadhi. Jina litakaloandikwa kwenye tiketi ni lako, lenye herufi zile zile za kitambulisho chako, na ukiuliza kama limekwisha kufika kwenye orodha ya meli atakujibu bila kukasirika. Anayekasirika mwache.

Kwa askari wa zamu gatini kazi ni nzito zaidi, maana yeye husimama kati ya foleni inayosukumana na nahodha anayetaka kuondoka. Kumkamata mpiga debe mmoja asubuhi hakutoshi ikiwa jioni orodha inafungwa kwa kuhesabu vipande vya tiketi badala ya vichwa vya watu. Vipande havionyeshi aliyepanda kwa kulipa mkononi, wala aliyeingia na mzigo akajifanya mpagazi, wala aliyeshuka dakika za mwisho. Na kuna abiria ambao mara nyingi hawana tiketi kabisa, tena kwa haki: watoto wachanga wanaobebwa mgongoni, wasiolipiwa nauli. Hao nao wahesabiwe, na majina yao yaandikwe chini ya majina ya mama zao.