Seva iliyokataa kichwa

Mwaka jana mwenzangu mmoja aliyekuwa anamaliza masomo alinikabidhi kadi zake 640 za maneno ya Kilingala niziingize katika hifadhidata ya MySQL. Nilizipiga chapa kwa siku sita. Yeye akauliza jedwali maneno mangapi yana toni ya chini kisha ya juu, mangapi ya juu kisha ya chini, akapata hesabu, akampelekea mwalimu anayemwongoza. Baada ya wiki mbili akanifuata maktabani: "Ndugu, umeweka wapi kichwa? Nimemwona mtu, nimeuona moto, kichwa hakimo."

Wanaosoma Kilingala wameshaelewa. Moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto tunaoota. Sisi tuliozoea Kiswahili, ambacho hakina toni, huiona alama ile kama pambo juu ya herufi. Kumbe seva nayo huiona hivyo.

Kila safu ya maandishi katika MySQL ina kanuni ya ulinganisho, ambayo huamua lini maandishi mawili yahesabiwe kuwa kitu kimoja. Usipoichagua, toleo la 8.0 hukupa utf8mb4_0900_ai_ci. Sehemu ya ai maana yake ni kutojali alama za juu ya herufi, na ci ni kutojali herufi kubwa na ndogo. Kwa kanuni hiyo moto na motó ni neno moja, na kokoma (kuandika) ni sawa na kokóma (kufika). Mɔ́tɔ iliponea kwa sababu ɔ huhesabiwa kuwa herufi yake yenyewe, si o yenye alama.

Seva ilinionya, sikusikia. Safu ya neno niliiwekea ufunguo wa pekee ili neno lisiingie mara mbili. Nilipofika motó kazi ilisimama kwa kosa namba 1062: Duplicate entry. Nikadhani kadi imerudiwa. Makosa yalipozidi nikabadilisha amri ya INSERT kuwa INSERT IGNORE. Hapo ndipo nilipoharibu. IGNORE haiondoi tatizo. Inaligeuza kosa kuwa onyo, inauruka mstari, inaendelea. Onyo linaonekana ukiandika SHOW WARNINGS mara baada ya amri, na mimi sikuandika. SELECT COUNT(*) nayo ingenipa mistari 588 badala ya 640, lakini sikuhesabu. Katika kila jozi, neno lililotangulia kuingia lilibaki na la pili likatupwa. Hesabu ya toni iliyokuwa mezani kwa mwalimu ilikuwa imepotoka mahali palepale alipokuwa anapachunguza.

Tulianza kwa SHOW FULL COLUMNS FROM maneno, amri inayoonyesha kanuni ya kila safu. Kisha:

ALTER TABLE maneno MODIFY neno VARCHAR(100) CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_0900_as_ci NOT NULL;

Hapa as ni kujali alama. (NOT NULL lazima uirudie, la sivyo MODIFY itaiondoa.) Rafiki mmoja alitushauri tutumie utf8mb4_bin, inayolinganisha alama kwa alama. Nilikataa: ó inaweza kuandikwa kama herufi moja au kama o ikifuatwa na alama ya toni, kutegemea kibodi. Machoni ni ileile, lakini kwa bin ni maneno mawili tofauti. Anayetafuta bila kuandika toni tulimwachia mlango: WHERE neno COLLATE utf8mb4_0900_ai_ci = 'moto' humletea mtu na kichwa pamoja. Hifadhi iwe kali, utafutaji uwe mpole.

Tukaingiza kadi upya bila IGNORE. Kosa 1062 likarudi mara nne, safari hii kwa maneno yanayofanana hata toni. Niliona aibu, maana hilo lilikuwa somo langu mwenyewe. Katika Kiswahili kaa ni mnyama wa majini, ni kipande cha moto, na ni kitendo. Kamusi nyingi huyapa namba. Ufunguo wa pekee juu ya umbo la neno peke yake unakataza homonimu, na hakuna kanuni ya ulinganisho itakayoliponya hilo. Tuliongeza safu ya namba, tukaweka ufunguo juu ya neno na namba kwa pamoja.

COUNT ikatoa 640. Mwenzangu alihesabu tena mipangilio ya toni, akachapa jedwali jipya, akapanda ghorofani kumwomba mwalimu amrudishie lile la kwanza.