Sumu ya Hewa Haipimwi kwa Mizani Pekee

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Lau wangaliishi katika miji ya leo, huenda wangalisema ki puani mwako.

Kwa miongo mingi serikali mbalimbali zimekuwa zikipima uchafuzi wa hewa kwa uzito. Chembe zinazoogopwa zaidi ni zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5, yaani vijisehemu vidogo mno ukivilinganisha na unywele wa binadamu. Mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo. Kiwango kilichowekwa 2005 kilikuwa 10.

Swali ni hili: je, uzito ndio madhara? Nyoka hapimwi kwa ratili ili ukali wa sumu yake ujulikane. Chumvi ya bahari iliyopeperushwa na upepo na masizi ya injini ya dizeli huweza kulingana katika mizani, lakini hazilingani katika pafu.

Chembe nyingi zitokazo kwenye moshi hubeba aina za oksijeni zisizotulia, au huzizalisha zikishaingia mwilini. Oksijeni hiyo hushambulia chochote inachokutana nacho. Kiswahili kina neno jepesi la kutufafanulia jambo hili, nalo ni kutu. Jinsi chuma kinavyoliwa na kutu, ndivyo seli za pafu zinavyoharibiwa na oksijeni hiyo. Mwili hujikinga, kwa vitamini C miongoni mwa silaha zake, lakini kinga hiyo ikizidiwa, uvimbe na maradhi hufuata.

Kwa kawaida wanasayansi wamekuwa wakinasa chembe kwenye chujio kwa muda wa siku nzima, kisha kuipeleka maabara baada ya siku kadhaa au majuma. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huficha ukweli pia. Mnamo 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitangaza kwamba kati ya asilimia 60 na 99 ya oksijeni hiyo kali hutoweka katika muda wa dakika au saa chache. Chujio linapofika maabara, sehemu kubwa ya ushahidi imekwisha kupotea.

Dawa yao ni kupima papo hapo. Mtambo hufyonza hewa na kuziingiza chembe moja kwa moja katika kimiminiko chenye kemikali maalumu. Oksijeni hiyo inapokutana na kemikali, mmenyuko hutokea na mwanga unaoweza kupimwa huonekana. Kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo ukali unavyozidi.

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini? Utafiti uliochapishwa 2020 kuhusu hewa ya Ulaya ulionyesha kwamba vyanzo vya uzito sivyo vyanzo vya ukali. Ukali ulitokana hasa na moshi wa kuni majumbani na chembe za metali zitokanazo na breki za magari. Ulaya si Kenya, na hewa yetu yahitaji kupimwa kwake yenyewe. Hata hivyo, nchi ambayo jamaa nyingi bado hupikia kuni, na ambayo barabara za miji yake hujaa matatu na malori, haiwezi kulipuuza funzo hilo.

Sisemi mizani itupwe. Ushahidi mwingi unaohusisha hewa chafu na vifo, ukiwemo ule mashuhuri wa miji 6 ya Marekani uliotolewa 1993, umejengwa juu ya uzito, na kipimo cha ukali bado hakijapata msingi imara kiasi hicho. Lakini sheria huona kile tu inachokipima. Tukihesabu gramu peke yake, twaweza kufagia vumbi la barabarani na kujipongeza, huku moshi unaomdhuru mama jikoni ukiachwa uendelee.

Kwa hivyo vyuo vikuu vyetu na wahifadhi wa mazingira hawana budi kuanza kuuliza swali la pili kila wanapotangaza kiwango cha uchafuzi. Pamoja na kuuliza ni kiasi gani tunachovuta, tuulize pia ni kikali kiasi gani.