Daftari lililotunza siku za Koko

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi nilidhani methali hiyo inawahusu wenye maduka peke yao, hadi simu moja iliponifundisha kwamba hata siku za binadamu hupotea hivyo hivyo.

Ninaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia, zaidi ya watu laki moja, na wengi wetu tunaelewana kwa Kiswahili sokoni na kwenye foleni ya maji.

Daftari langu la kwanza nililinunua mjini Mbarara, nilipokwenda kutafuta bidhaa za kibanda changu. Nilikusudia kuandika madeni tu. Lakini jioni, nikishaandika nani amechukua sabuni na nani amelipa nusu, nikawa naongeza mistari miwili mitatu: mvua imeharibu njia ya ziwani, Msomali wa ng'ambo ya barabara siku hizi anaitikia "jambo sana" kama mtu wa Goma.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja kutoka Kivu. Sote tulimwita Koko, kama Wakongo wengi wamwitavyo bibi. Mwaka 2023, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilipowagawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, mtaa mzima ulizungumzia mgao. Niliandika hayo. Niliandika pia kwamba Koko amepanda maboga kando ya nyumba.

Mwaka uliofuata Koko alifariki. Binti yake, aliyehamia Kanada, akanipigia simu. Habari za ugonjwa na mazishi alikwisha kuelezwa.

"Baba," akaniambia, "siku za kawaida mama alikuwa anaishi vipi?"

Nilikosa la kusema. Miaka minne ya ujirani, na kilichonijia ni "alikuwa mtu mwema" tu. Nikamwomba asubiri, nikatoa daftari chini ya gunia la unga, nikamsomea:

"Jumanne. Koko kakataa kuuza boga la kwanza. Kalikata vipande saba, kila nyumba kipande. Ijumaa. Kakopa chumvi ya shilingi 500. Nimemwambia asilipe, kakasirika. Kasema mwenye deni ni mtu anayeaminiwa bado. Jumapili. Mbuzi kala karatasi yangu ya hesabu, Koko kacheka hadi kaketi chini."

Binti alilia, kisha akacheka, kisha akaniomba nirudie habari ya mbuzi.

Sisi wakimbizi tumezoea kuulizwa juu ya siku moja, ile tuliyokimbia. Tumeisimulia mpaka tumeikariri. Siku zilizofuata, ambazo ndizo maisha yetu, hazina mwulizaji, nasi wenyewe tunaziacha zipite.

Ndugu msomaji, usingoje tukio kubwa. Andika bei ya unga, nani kapita mlangoni, kasema nini. Mistari mitatu yatosha.

Juzi nilikwenda tena Mbarara, nikanunua daftari jipya. Lile la zamani nimelihifadhi. Deni la chumvi la Koko bado limo, sijalifuta.