Kiungo Kikiungwa Si Kiungo Tena

Waswahili wana methali isemayo kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo haikutaja ni kidole kipi, lakini kila aliyewahi kuvunja chawa ajua kwamba pasipo gumba kazi hiyo haiendi. Ndivyo ilivyo pia kwa chaki, jembe na msumeno.

Ndugu yangu ni seremala. Zamani alivunjika mfupa wa shina la gumba, na baada ya miaka mingi pakaanza kumuuma kila ashikapo randa au azungushapo ufunguo. Majirani wakasema ni baridi yabisi, wakamhimiza avae glavu. Jina hilo limewapotosha wengi. Maradhi haya hayaletwi na baridi. Shina la gumba, penye kifundo cha mkono, lina mifupa miwili iliyopandana kama matandiko mawili ya farasi, na kati yake mna gegedu laini. Kwa ajali, kwa umri, na kwa wanawake zaidi ya wanaume, gegedu hilo hulika hata mfupa ukasuguana na mfupa.

Alitibiwa kwanza kwa dawa za maumivu, kisha kwa kifaa cha kulituliza gumba, kisha kwa sindano. Vyote vilimpa nafuu ya muda tu. Hatimaye daktari akashauri upasuaji. Kwa kuwa alisema kwa Kiingereza, niliombwa nifasiri, nami nikatamka kwa ujasiri wa mtu aliyesomea lugha: "Wataunga kiungo chako."

Ndugu yangu akatabasamu. "Alhamdulillahi, kaka. Kikiungwa nitarudi kama zamani."

Hapo nikatambua kosa langu. Katika Kiswahili, mfupa uliovunjika ukiunga, mtu amepona. Tena neno kiungo lenyewe limetokana na kitenzi unga: ni mahali ambapo vitu viwili vimekutana, lakini vingali viwili. Daktari alikusudia kinyume cha hayo. Angekwangua ncha za mifupa hiyo, aikaze kwa bamba la chuma na skrubu, kisha aitie katika plasta kwa majuma kadhaa mpaka iwe mfupa mmoja. Kiungo kingekoma kuwa kiungo.

Nikaanza upya: "Mifupa miwili itafanywa mmoja, na hapo hapatapinda tena maisha yako yote."

Sasa maswali yakaja, na daktari akayajibu yote. Maumivu yangetarajiwa kwisha, na nguvu ya kushika ingebaki. Ndiyo sababu njia hii hupendekezwa hasa kwa watu wa kazi nzito ambao hawajazeeka. Lakini asingeweza kuulaza mkono bapa juu ya meza, na kuupenyeza mahali pembamba kungekuwa shida. Pengine mifupa ingekataa kushikana, apasuliwe tena. Viungo vya jirani navyo vingebeba mzigo zaidi. Iko njia nyingine, ya kuuondoa mfupa mdogo wa kifundo ulio chini ya gumba. Hiyo huacha gumba likicheza, ila nguvu ya kubana huweza kupungua.

Alifikiri juma zima, akachagua kufungwa kiungo. Leo anapiga randa bila kuumwa. Kiganja chake hakilali bapa juu ya ubao, wala halalamiki, kwa kuwa alilijua hilo kabla ya kutia sahihi. Je, angalitia sahihi kwa tafsiri yangu ya kwanza, kisha akagundua baada ya plasta kutolewa, angalimlaumu nani?

Walimu wenzangu, tumezoea kuwapa wanafunzi orodha za istilahi wazikariri. Nionavyo mimi, haitoshi. Tuwazoeze pia kuuliza msikilizaji ataelewa nini. Miongoni mwao wamo madaktari na wauguzi wa kesho, na siku moja mgonjwa atatia sahihi kwa kuyaamini maneno yao.